Dawa Imo Katika Mmea, Lakini kwa Kipimo



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu, somo hili limetokana na kosa langu mwenyewe. Muhula uliopita, baada ya darsa, dada mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata kwa kuwa anajua nasomea famasia. Mama yake anatibiwa saratani. Jamaa walikuwa wakimshauri aache dripu za hospitali, kwa kuwa ni sumu za viwandani, badala yake anywe majani yaliyochemshwa ya yale maua ya waridi yenye petali tano, yanayopandwa mbele ya nyumba nyingi. Nilikuwa nawahi maabara. Nikamjibu kwamba mmea hauna madhara, ajaribu tu, mponyaji ni Allah. Usiku nilipofungua daftari langu la masomo niliona haya.

Ua lile kitaalamu huitwa Catharanthus roseus, na asili yake ni Madagaska. Watu wa nchi mbalimbali walilitumia kutibu kisukari. Huko Kanada, watafiti Robert Noble na Charles Beer walipata majani yake kutoka Jamaika, wakayapima kwa panya waone kama kweli hushusha sukari. Sukari haikushuka. Lakini panya waliodungwa maji ya majani yale walipungukiwa chembe nyeupe za damu, wakafa kwa maambukizi. Watafiti wakajiuliza: kitu kinachopunguza chembe nyeupe, je, hakiwezi kuzuia saratani ya damu, ambapo chembe hizo huzaliana kupita kiasi? Mwaka 1958 wakatangaza kiambato walichokitoa humo, vinblastini. Baadaye kampuni ya Eli Lilly ikatoa katika mmea huo huo vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963.

Habari hii inatugusa sisi wa Uganda. Mwaka huo huo wa 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa hapo Mulago mwaka 1967, na vinkristini ikawa miongoni mwa dawa zilizotumika kuwatibu watoto hao. Mpaka leo imo katika tiba ya ugonjwa huo.

Inafanyaje kazi? Seli inapotaka kugawanyika hujenga nyuzi nyembamba kwa protini iitwayo tubulini. Nyuzi hizo ndizo zinazovuta kromosomu pande mbili. Vinkristini huishika tubulini, nyuzi zisijengeke, na seli hukwama na kufa. Paklitakseli, iliyopatikana katika gome la mti wa Amerika Kaskazini, hufanya kinyume: huzikaza nyuzi zisivunjike, jambo alilolionyesha Susan Horwitz mwaka 1979. Seli hukwama vilevile.

Lakini seli za nywele na za uboho nazo hugawanyika, na neva zetu nazo zina nyuzi hizo hizo. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele au kupata ganzi vidoleni. Vinkristini hutolewa kwa mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kwa makosa katika maji ya uti wa mgongo, huua. Ua lile lina viambato vya namna hii zaidi ya sabini, na ili kupata gramu moja ya vinblastini huhitajika takriban nusu tani ya majani makavu. Basi anayekunywa kikombe cha majani yale hajui amekunywa nini wala kiasi gani. Kwa saratani huenda hakitoshi, na kwa mwili wake huenda kimezidi. Na huenda dripu anayoikimbia ndiyo jani lile lile, lililosafishwa na kupimwa.

Sura ya al-Qamar, aya ya 49, inatufundisha kuwa Allah ameumba kila kitu kwa kipimo. Tunaamini pia mafundisho ya Mtume (s.a.w.), aliyoyapokea Bukhari, kwamba kila maradhi yameteremshiwa tiba, na kwamba habba sauda ina shifaa. Kiambato chake, thaimokwinoni, kimeua seli za saratani katika vyombo vya maabara. Lakini hata chumvi nyingi huua seli ndani ya chombo. Mwili wa mgonjwa ni jambo jingine, na bado hakijachukua nafasi ya dawa za saratani. Kuiamini hadithi hakumtaki mgonjwa aache hospitali. Mtume mwenyewe, Sa'ad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua, alimwelekeza kwa tabibu, Harith bin Kalada. Na katika Sunan Abi Dawud tumeonywa kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Hadithi hii ndiyo iliyoninyima usingizi.

Basi tushikamane na mambo matatu. Kwanza, tusimshauri mgonjwa aache tiba. Pili, akitumia mitishamba yoyote, tumhimize amwambie daktari wake, kwa kuwa baadhi ya mimea hubadilisha namna ini linavyoishughulikia dawa. Tatu, wanaosomea sayansi miongoni mwetu waipime mimea ya kwetu kwa subira, kama walivyopimwa panya wale, kisha waseme walichokiona, hata kama si walichokitarajia.

Alfajiri, baada ya swala, nilimpigia dada yule simu. Nilimwambia nimekosea, nikamwomba radhi, nikamweleza haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema majani yalikuwa yamekwisha kuchumwa, yako jikoni, na mama alikuwa na miadi ya dripu siku ile. Alikwenda.

Tumwombee shifaa, yeye na wagonjwa wote. Wabillahi tawfiq.