Kufundisha Tofauti ya Herufi na Amri katika Kompyuta

Katika mazoezi ya kufundisha tulimwona mwanachuo akimkemea mtoto kwa kuharibu kompyuta. Mtoto alikuwa amebofya kipanya tu, na kila alipobofya, alama kama 0;12;5M zilijitokeza katika dirisha la maandishi. Kompyuta ilikuwa nzima, na mtoto hakuwa na kosa. Kilichopungua ni maarifa ya mwalimu.

Dirisha hilo ni programu inayoiga terminali za zamani, kama VT100 iliyotolewa na kampuni ya DEC ya Marekani mwaka 1978. Terminali ilikuwa na skrini na kibodi, na herufi pamoja na amri zilipita katika njia moja. Ili visichanganyike, namba 0 hadi 31 katika orodha ya ASCII zilitengwa kwa ajili ya amri. Namba 7 hupiga kengele. Namba 10 hushuka mstari mmoja. Namba 13 hurudi mwanzo wa mstari. Namba 27 hutangaza kwamba alama zinazofuata ni amri ndefu. Kwa mfano, 27 ikifuatwa na [2J hufuta skrini.

Kipanya nacho hutumia njia hiyo hiyo. Programu hutuma 27 na [?1000h, kisha 27 na [?1006h, na dirisha huanza kutoa taarifa za kipanya. Taarifa 27 na [<0;12;5M ina maana kwamba kitufe cha kushoto kimebonyezwa katika safu ya 12 kutoka kushoto, mstari wa 5 kutoka juu. Kitufe kikiachiliwa, M kubwa huwa m ndogo. Programu ikikatika kabla ya kutuma amri ya kusimamisha, yaani 27 na [?1000l, taarifa huendelea kuja na kupokewa kama maandishi ya kawaida. Dawa yake ni kuandika reset na kubonyeza Enter, au kufungua dirisha jipya.

Somo hili laweza kufundishwa kwa ubao na kadi, kwa hatua zifuatazo:

1. Mtoto wa kwanza awe skrini, aandike ubaoni kila neno asomewalo. Akisomewa "futa", ataandika "futa".

2. Msomaji aonyeshe kadi nyekundu kabla ya kusoma "futa". Sasa mtoto afute ubao.

3. Mwalimu achore miraba ubaoni. Mtoto wa pili aguse mraba, naye wa tatu atangaze: "Safu ya 3, mstari wa 2." Mtoto wa nne, aliye programu, atie alama mahali hapo.

4. Programu aondoke bila kusema "acha". Matangazo yaendelee, na skrini ayaandike kama maneno.

Hapo mwalimu aulize: "Nani amekosea?" Watoto wataona wenyewe kwamba aliyegusa mraba hana hatia. Mwanachuo naye hana budi kulijua jibu hilo kabla ya kuingia darasani.