Kumchagulia Mzazi Makao ya Wazee

Wapendwa, wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba mzazi hutunzwa nyumbani. Lakini mama mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kusahau, akifungua mlango na kutoka saa nane za usiku nasi tuko kazini, hayuko salama. Kumchagulia mahali pazuri ni sehemu ya kumheshimu.

Hapa England, tuanze kwa kusoma kwenye intaneti ripoti ya ukaguzi ya Care Quality Commission. Kisha twende wenyewe, mara moja iwe wakati wa chakula. Je, asiyeweza kula mwenyewe analishwa polepole, au sahani inaondolewa ikiwa bado imejaa? Kuna harufu ya mkojo? Usiku wanabaki wahudumu wangapi?

Tukumbuke na lugha. Mgonjwa anaweza kupoteza Kiingereza alichojifunza ukubwani, akabaki na Kiswahili tu. Tuwaandikie wahudumu maneno machache na maana zake: maji, choo, naumwa, nasikia baridi.

Akishahamia, tupeane zamu za kumtembelea, hata kama hatukumbuki tena kwa majina. Mungu atusaidie.