SOMO: MAZOEZI YA MWILI YASIACHWE SAFARINI



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi hulicheka, nalo ni kufanya mazoezi ya mwili unapokuwa safarini. Najua wapo watakaosema: "Mimi nabeba magunia mchana kutwa, mazoezi ya nini tena?" Swali hilo ni la haki na tutalijibu. Lakini kwanza nitaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe, maana somo hili sikulipata kitabuni.

YALIYONIPATA

Mimi ni mhamasishaji wa chama na nyumbani kwangu ni Bwera. Nikiwa nyumbani napanda mlima kwenda shambani kabla jua halijawa kali, na kila asubuhi nafanya mazoezi ya viungo kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Kwa hiyo nilijiona mtu mkakamavu.

Mwaka mmoja nilitumwa safari ya wiki tatu mfululizo: Kasese, Fort Portal, Kampala, Mbarara, kisha kurudi. Nilikaa ndani ya basi, nikakaa mkutanoni, nikakaa mezani kula, nikalala. Hata kutoka stendi hadi mahali pa kulala nilipanda bodaboda. Mazoezi niliyaacha siku ya kwanza, nikajiambia nitayaanza tena nikirudi.

Nilirudi Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi kahawa yetu ilikuwa inangoja gari barabarani. Nikainama nikainua gunia kama nilivyozoea, na mgongo ukakataa pale pale. Mganga wa zahanati aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Gunia ni lile lile, mwili ndio haukuwa ule ule."

Nililala siku kumi na mbili. Ndani ya siku hizo tulikuwa na mazungumzo na mwajiri mmoja juu ya malipo ya saa za ziada. Hesabu zote za wanachama nilikuwa nazo mimi. Mwenzangu alikwenda peke yake bila kuzijua vizuri, na shauri likaahirishwa kwa miezi mitatu. Wanachama walingoja haki yao miezi mitatu zaidi kwa sababu ya mgongo wangu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mwili wa mfanyakazi si mali yake peke yake. Watoto wake wanautegemea, na wenzake pia wanautegemea.

KUKAA NI HATARI

Tusidhani kukaa ni kupumzika tu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake, kule Uingereza, walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya orofa mbili. Dereva alikaa zamu nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Wote walikuwa watu wa kampuni moja na gari moja. Walipohesabu waliougua moyo, waliona kwamba makondakta waliougua walikuwa wachache kuliko madereva. Ndugu, uchunguzi huo haukufanywa juu ya mabwana wakubwa. Ulifanywa juu ya wafanyakazi kama sisi.

Tena mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu akikaa safarini saa 4 au zaidi bila kujinyoosha, hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa ya miguu huongezeka karibu mara mbili. Ni hivyo katika ndege, treni, basi au gari dogo. Wanaopatwa ni wachache, lakini damu hiyo ikisafiri hadi kwenye mapafu inaweza kuua.

Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, abiria wa treni aliweza kusimama na kutembea kutoka behewa hadi behewa. Siku hizi treni ya abiria haifiki kwetu. Tunakwenda Kampala kwa basi, zaidi ya kilomita 300, magoti yamebanwa na kiti cha mbele. Hata gari likisimama hatushuki. Pale Lukaya, kwenye njia ya Masaka, wachuuzi wanatuletea gonja na nyama dirishani, tunakula tukiwa tumekaa, na gari linaondoka.

Watu wa michezo wamechunguza pia jinsi nguvu zinavyopotea. Mtu akiacha mazoezi, pumzi hupungua kwanza, katika muda wa wiki mbili hadi nne. Nguvu za misuli hukaa kidogo zaidi, kisha nazo huondoka. Bandu bandu huisha gogo. Lakini ipo habari njema: kutunza nguvu ulizo nazo kunahitaji kazi ndogo kuliko kuzitafuta upya. Mazoezi machache, yakifanywa bila kukosa, yanatosha kukufikisha nyumbani ukiwa mzima. Hili ndilo jambo kubwa la somo letu.

"NABEBA MIZIGO, MAZOEZI YA NINI?"

Sasa tujibu swali lile.

Kwanza, kazi hutumia viungo vile vile kila siku. Mpakiaji hutumia bega moja. Mchuma chai hunyoosha mikono mbele huku kikapu kikivuta mgongo. Mtu wa mashine husimama mahali pamoja. Viungo vingine hulala, na mazoezi huamsha vile vilivyolala.

Pili, safarini hubebi mizigo. Mfanyakazi anayetoka Bwera kwenda kuzika Kabale, au dereva na tanboi wanaopeleka mizigo mpaka Mpondwe, hukaa siku mbili tatu. Kisha hushuka na kutakiwa kuinua mizigo saa hiyo hiyo, na mwili umelala. Hapo ndipo watu huumia.

Tatu, na hili lieleweke vizuri: mazoezi hayachukui nafasi ya mapumziko wala ya vifaa vya kazi. Sheria ya Ajira ya Uganda iliyotungwa mwaka 2006 inakataza mfanyakazi kufanyishwa kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku moja ya kupumzika. Mwajiri akisema, "Fanyeni mazoezi, mtaacha kulalamika juu ya uzito wa magunia," tumjibu kwamba mazoezi ni yetu, na uzito wa magunia bado uko mezani.

NILICHOJIFUNZA MWEYA

Baada ya kupona nilianza kuogopa safari. Kisha nikaitwa kwenye semina ya siku tano Mweya. Wanaopajua mahali pale wanafahamu kwamba ni rasi iliyoingia majini, Ziwa Edward upande mmoja na mfereji wa Kazinga upande mwingine, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Nikasema safari hii sitafanya kosa, alfajiri nitakimbia barabarani.

Jioni ya kwanza tukaonywa: gizani mtu asitoke nje ovyo. Viboko hutoka majini usiku kula majani, hupita hata karibu na nyumba, na hurudi majini kunapopambazuka. Tembo na simba nao wako katika hifadhi hiyo. Wafanyakazi wa hoteli na wa hifadhi wanaoishi pale wanalijua jambo hili vizuri. Nikakata tamaa, nikalala.

Alfajiri niliamshwa na pumzi za mtu. Mzee mmoja wa mashamba ya chai, niliyelala naye chumba kimoja, alikuwa katikati ya vitanda viwili, anachuchumaa na kusimama, anachuchumaa na kusimama.

Nikamwuliza, "Mzee, kuna nini?"

Akanijibu, "Kijana, kiwanja ni cha kiboko. Mimi nimebaki na chumba. Wewe ukingoja kiwanja, utangoja mpaka uzeeke."

Nikaona aibu. Mimi nilidhani mazoezi ni kukimbia tu, na pasipo njia ya kukimbia hakuna mazoezi. Mtu akisikia neno hilo humkumbuka John Akii-Bua, polisi wetu aliyepata dhahabu ya mbio za mita 400 kuruka viunzi kule Munich mwaka 1972. Sisi hatutafuti nishani. Tunatafuta mgongo usiokataa kazi siku ya Jumamosi.

MAZOEZI YA MKEKA MMOJA

Yafuatayo yanahitaji nafasi ya mkeka mmoja tu na dakika kumi. Hayahitaji viatu wala nguo maalumu. Dada zetu wanaweza kuyafanya chumbani, mlango umefungwa, bila kuonwa na mtu.

1. Tembea mahali pamoja ukiinua magoti na kurusha mikono, dakika 2, mpaka mwili upate joto.

2. Kaa kitandani au kwenye benchi, kisha simama bila kujishika kwa mikono. Fanya mara 10. Ukizoea, chuchumaa bila benchi.

3. Simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani usawa wa mabega, kunja viwiko usogee ukutani, kisha jisukume urudi. Fanya mara 10. Mwenye nguvu afanye sakafuni.

4. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikiwa chini. Inua kiuno polepole, hesabu mpaka tatu, shusha. Fanya mara 10. Zoezi hili ndilo lililonisaidia mimi kuutunza mgongo.

5. Simama ukishika ukuta, inuka kwa vidole vya miguu, shuka. Fanya mara 15. Hili husukuma damu ya miguuni irudi juu.

6. Maliza kwa kunyoosha mikono juu, kisha mapaja na mgongo, polepole. Usijivute mpaka uumie.

Kama muda haujaisha, rudia namba 2 mpaka 5. Fanya asubuhi, na jioni tena.

Tufanye hesabu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kazi ya mwili inayoongeza mapigo ya moyo, na mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni ni dakika 20. Kwa siku 7 ni dakika 140. Ongeza mwendo mmoja wa haraka wa dakika 10, umetimiza 150. Shirika hilo lilisema pia kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Kwa hiyo aliyepata dakika tano asiseme siku imeharibika.

NJIANI

Gari likisimama, shuka. Nunua gonja yako ukiwa umesimama. Ndani ya gari, inua visigino na vidole kwa zamu mara kwa mara. Wengi hatunywi maji tukiogopa kwamba dereva hatasimama. Kunywa, na mwombe dereva mapema asimame. Ukifika mjini, kama ni mchana na njia ni salama, acha bodaboda utembee. Mwenda bure si mkaa bure.

Na siku ya kurudi kazini usianze na gunia zito kuliko yote. Tembea kwanza, nyoosha mwili, anza na mzigo mdogo.

TAHADHARI

Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, acha mara moja uende hospitali. Vilevile mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari ndefu, usiukande, uende upimwe. Mama mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au aliyetoka kuugua amwulize mganga kwanza.

KAZI YA TAWI

Tangu Mweya nimesafiri mara nyingi, na kila nilalapo nafanya yale ya mzee. Kuna siku nilikuwa nimechoka nikafanya dakika tatu tu. Lakini gunia la kahawa halijanilaza tena, na wanachama hawajaningoja tena. Mfanyakazi hana mtambo wa akiba. Mwili ndio mtambo wake, na akiupeleka safarini inampasa aurudishe ukiwa mzima.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Katika tawi letu ni nani wanaosafiri zaidi: madereva, wajumbe wa semina, au wanaorudi vijijini wakati wa likizo? Wanaporudi hupewa kazi gani siku ya kwanza?

2. Chama kikikodi gari, je, tunaweza kupatana na dereva kabla ya safari kwamba atasimama kila baada ya saa mbili, na watu wote washuke?

3. Katika semina zetu tunakaa saa ngapi bila kusimama? Nani atakubali kuongoza dakika tano za viungo kabla ya chai?

4. Uzito wa mizigo katika kazi yetu ni kilo ngapi? Uandikwe, uletwe kwenye mkutano ujao.