Sarafu za Nyundo: Moto na Maji Katika Kazi ya Metali

Sarafu ni kitu kidogo kinachopita mikononi mwa watu kila siku bila kuangaliwa. Hata hivyo, mwenye kuichunguza atakuta ndani yake fizikia, kemia na historia. Makala hii inaeleza jinsi sarafu zilivyopigwa kwa mkono, na jinsi mwalimu wa Butimba, au wa mahali pengine popote penye fuawe na mkaa, anavyoweza kuwaonyesha wanafunzi siri ya kazi hiyo. Siri yenyewe ni hii: moto na maji vinavyoifanya pua kuwa ngumu ndivyo vinavyoiacha shaba ikiwa laini.

Sarafu za Kilwa

Tangu karne ya 11 masultani wa Kilwa Kisiwani walitoa sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba nyekundu. Miongoni mwao ni Ali bin al-Hasan na, baadaye, al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala wakati Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Maandishi yake ni ya Kiarabu, na maneno ya upande mmoja yana vina na yale ya upande wa pili. Sarafu ya al-Hasan imepatikana hata Zimbabwe Kuu, na sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Sarafu hizo hazikutoka mashineni. Kipande cha metali kiliwekwa kati ya chapa mbili, kisha ya juu ikapigwa nyundo. Ndiyo sababu maandishi mara nyingi hukaa upande, wala hayako katikati. Hali ilikuwa tofauti Tabora mwaka 1916, wakati Wajerumani, waliokatiwa njia ya bahari na vita, walipotoa sarafu za dhahabu na za shaba ya manjano katika karakana ya reli kwa kutumia mashine.

Kandokando ya Ziwa Victoria nako nyundo ilizalisha mali. Warongo, wafua chuma wa Uzinza, walifua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi, na jembe lilikuwa kipimo cha mali na cha mahari. Lakini chuma hufuliwa kingali chekundu kwa moto. Sarafu ya shaba huweza kupigwa ikiwa baridi. Tofauti hiyo inahitaji kuelezwa.

Nguvu ya pigo moja

Chukua nyundo ya kilo 1 inayoshuka kwa kasi ya meta 6 kwa sekunde. Nishati yake ya mwendo ni ½ × 1 × 6 × 6, yaani juli 18. Ikiwa nyundo itasimama baada ya kusukuma nusu milimita tu, kani yake ya wastani ni 18 ÷ 0.0005, yaani nyutoni 36,000. Hiyo ni sawa na uzito wa mzigo wa tani tatu na nusu hivi.

Kisahani chenye kipenyo cha milimita 20 kina eneo la milimita mraba 314. Kwa hiyo kanieneo ni takriban nyutoni 115 kwa kila milimita mraba. Shaba laini huanza kukubali umbo jipya chini ya nyutoni 70. Shaba iliyokwisha kufuliwa sana huweza kudai 300 au zaidi. Pigo lile lile, basi, litaacha alama katika kisahani kimoja na kushindwa katika kingine.

Kwa nini shaba hubadilika? Metali imejengwa kwa fuwele ndogondogo ambamo atomu zimejipanga kwa safu. Nyundo inapopiga, safu huteleza. Kadiri zinavyoteleza ndivyo kasoro zinavyoongezeka na kuzuiana, na metali huwa ngumu. Mwanafunzi anaweza kuhisi jambo hili kwa kukunja na kukunjua waya wa shaba: kila mara mkono hupata kazi zaidi, hata waya ukakatika. Shaba ikipashwa moto hadi iwe nyekundu ya kufifia, kiasi cha nyuzi 600 za Selsiasi, fuwele mpya zisizo na kasoro hizo huzaliwa, nayo hurudi kuwa laini. Kuipoza ghafla majini hakuigandamizi tena.

Pua ni kinyume. Ikipashwa hadi iwe nyekundu kisha ikatumbukizwa majini, kaboni iliyomo hunaswa kati ya atomu za chuma na kuzizuia zisiteleze.

Utaratibu

1. Kata vipande viwili vya mtaimbo mkuukuu, sentimita 5 na sentimita 10. Vipashe moto hadi viwe vyekundu, uvifukie katika majivu vipoe polepole.

2. Sawazisha nyuso kwa tupa, kisha chonga picha, kwa mfano samaki, na neno BUTIMBA. Chapa huchongwa kinyume, kama ionekanavyo katika kioo. Herufi U, T, I, M na A hazibadiliki. B pekee ndiyo hugeuka, na neno lote huanzia kulia.

3. Pasha ncha zilizochongwa tu, uzitumbukize majini. Kisha zipashe taratibu hadi zipate rangi ya majani makavu, uzipoze tena. Ncha ya kupigwa nyundo ibaki laini, isije ikapasuka na kurusha vipande.

4. Kata kisahani cha shaba chenye unene wa milimita 1.5. Kipime, kipashe, kipoze majini.

5. Kaza chapa fupi katika gogo, weka kisahani juu yake, shika chapa ndefu kwa koleo, upige pigo moja zito.

Kila aliye karibu avae miwani ya kinga. Mabati yasitiwe motoni, kwa kuwa moshi wa zinki una madhara. Alumini haimfai anayeanza, maana huyeyuka kwa nyuzi 660 bila kuonyesha wekundu wa kumwonya. Shaba inunuliwe kwa halali. Waya wa umeme au wa simu unaoibwa huwanyima huduma watu wengi.

Tena, kuiga sarafu ya nchi ni kosa la jinai. Mamlaka ya kutoa sarafu ni ya Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1966. Kinachotengenezwa hapa ni medali ya shule, na isifanane kwa umbo wala maandishi na fedha halali.

Maswali

1. Kisahani cha milimita 20 kimepungua unene kutoka milimita 1.5 hadi 1.2. Ikiwa mjazo haukubadilika, kipenyo kipya ni kipi? (Jibu: takriban milimita 22.4.)

2. Piga visahani viwili, kimoja kilichopashwa moto na kingine kilichofuliwa kwanza kwa mapigo 20. Linganisha kina cha alama na ueleze tofauti.

3. Sarafu nyingi za Kilwa hazina tarehe. Ni ushahidi gani unaoweza kumsaidia mwanahistoria kukadiria umri wake?