Kupiga telefone kwa Wi-Fi: jifunze kabla ya siku ya ugonjwa



Kwenye ukurasa huu tumezoea kusema habari za kofia ngumu, miwani ya kazi, maji ya kuchemsha na chandarua. Leo tutasema habari za telefone. Usishangae. Siku hizi ugonjwa ukiingia nyumbani usiku, mkono unakwenda kwanza kwenye telefone, kisha ndipo unakwenda kwenye mlango.

Hapa Katuba nyumba nyingi zina baba au kijana anayefanya kazi mbali, Likasi, Fungurume au Kolwezi. Jioni wanasalimiana kwa WhatsApp kupitia Wi-Fi, bila kuhesabu uniti. Ni jambo jema. Mfanyakazi aliyesikia sauti ya watoto wake analala vizuri, na aliyelala vizuri haendi kazini na usingizi machoni. Lakini chombo kizuri kinataka mtu anayekijua.

Tuchukue mfano. Ni saa nane ya usiku. Mtoto wa miaka 3 ana homa kali, anaanza kustuka mwili mzima. Mama anashika telefone, anamwita bwana yake kwa WhatsApp. Alama zote za Wi-Fi ziko kwenye kioo, lakini sauti haitoki. Anajaribu tena, mara kumi. Uniti hana hata moja. Namba ya dispansari hakuiandika mahali. Nusu saa inapita, na mtoto angali kitandani. Mama huyu hakukosa mapendo. Alikosa somo. Basi tulisome pamoja.

1. WI-FI SI INTANETI

Watu wengi wanafikiri Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayosafiri kati ya telefone yako na modemu, safari ya mita chache tu ndani ya nyumba. Intaneti inaanzia nyuma ya modemu: inapita kwenye mnara, kwenye waya au kwenye satelaiti ya kampuni unayoilipa, kisha inakwenda mbali.

Fikiria robine ya uani. Robine ni nzima, unaifungua bila shida. Lakini kama Regideso haikuleta maji kwenye bomba kubwa, ndoo yako itabaki tupu. Alama za Wi-Fi kwenye kioo zinakuambia tu kwamba robine iko karibu. Hazikuambii kama maji yanafika.

Jambo la pili la kujua. Unaposema, telefone inakata sauti yako vipande vidogo vidogo na kuvituma kimoja kimoja. Upande wa pili vinaunganishwa tena. Vikichelewa au vikipotea njiani, unasikia maneno nusu nusu. Ndiyo sababu ujumbe wa maandishi unaweza kufika vizuri huku sauti inashindwa: ujumbe unaweza kungoja njiani, sauti haiwezi.

2. NAMNA MBILI ZA KUITA

Namna ya kwanza ni kwa programu kama WhatsApp, ambayo ilianza kupitisha sauti mwaka 2015. Unayemwita lazima naye awe na programu hiyo na intaneti saa hiyo hiyo. Sauti peke yake inakula kiasi kidogo, kwa kawaida chini ya mega 1 kwa dakika. Video inakula mara nyingi zaidi. Shika neno hili: WhatsApp haiwezi kuita namba fupi za hatari, wala telefone ndogo ya vitufe ya jirani isiyokuwa na programu hiyo.

Namna ya pili ni ya laini yenyewe. Telefone inaita namba ya kawaida, ila sauti inapita kwenye Wi-Fi badala ya kwenda moja kwa moja kwenye mnara. Inafaa mahali ambapo mtandao wa mnara ni dhaifu. Fungua "Paramètres", tafuta sehemu ya mtandao na ya SIM, uone kama kuna maneno "Appels Wi-Fi". Yakiwapo, yawashe. Yasipokuwapo, ni kwamba telefone yako au kampuni ya laini yako haina huduma hiyo. Uliza kwenye duka la laini yako, iwe Vodacom, Airtel, Orange au Africell. Uliza pia bei, maana kuita kwa namna hii kunaweza kukata uniti kama kawaida.

3. SAUTI IKIKATAA: KAGUA PETE MOJA MOJA

Fundi anapokagua mnyororo wa kuinua mizigo hautazami kwa mbali na kusema "ni mzima". Anashika pete moja moja. Fanya vilevile, na usibadilishe mambo matatu kwa mara moja, maana hutajua lipi lilikuwa na kosa.

Pete ya kwanza: umeme wa modemu. Je, taa zake zinawaka? Prizi haikulegea? Mtoto hakuichomoa ili aweke sharjeri yake?

Pete ya pili: telefone na modemu. Tazama kama "Mode avion" haikuwashwa, na kama telefone imeshika Wi-Fi ya kwenu, si ya jirani. Kisha sogea mpaka hatua mbili au tatu karibu na modemu, uite tena. Sauti ikiwa nzuri hapo, kosa ni ukuta au umbali. Kama neno la siri limebadilishwa, iambie telefone isahau Wi-Fi hiyo, kisha uandike neno jipya.

Pete ya tatu: modemu na intaneti. Fungua ukurasa ambao hujaufungua kamwe. Jaribu pia kwa telefone nyingine. Zote mbili zikishindwa, telefone yako haina kosa. Labda malipo ya intaneti yamekwisha, au mtandao wa kampuni umeanguka. Zima modemu, hesabu mpaka 30, iwashe, ngojea dakika tatu. Kama ni Wi-Fi ya kununua kwa tiketi, tazama kama muda wa tiketi haukwisha. Na kama watoto wanatazama filme kwenye telefone nyingine, waambie wasimamishe kwanza: njia ni moja, na filme ni lori kubwa.

Pete ya nne: programu yenyewe. Kama ukurasa unafunguka vizuri lakini WhatsApp inakataa, tazama tarehe na saa ya telefone. Telefone iliyozimika kabisa inaweza kuamka na tarehe ya uwongo, na WhatsApp inakataa kuunganisha. Chagua saa ya Lubumbashi, ambayo inatangulia ile ya Kinshasa kwa saa 1. Kama mwenzako hakusikii, tazama kama WhatsApp ina ruhusa ya kutumia mikrofoni. Kama wewe humsikii, tazama kama sauti haikwenda kwenye vifaa vya masikio vya Bluetooth vilivyosahauliwa ndani ya sanduku.

Pete ya tano: mwenzako. Mwite mtu mwingine. Ukimsikia vizuri, upande wako ni mzima. Pengine bwana yuko ndani ya kambi ambako watu mia wanatumia Wi-Fi moja baada ya kazi. Mpangane saa nyingine ya kuongea.

Na kama njia ni dhaifu lakini haijakufa, zima video, ubaki na sauti. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna maneno ya kupunguza data wakati wa kuita: yawashe. Ikishindikana, tuma sauti iliyorekodiwa au maandishi mafupi.

4. MODEMU NDANI YA NYUMBA

Mawimbi ya Wi-Fi hayapendi chuma. Mlango wa chuma, ukuta wa manjanja, frigo na pipa la maji vinayazuia. Ukuta mnene wa matofali unayapunguza nguvu. Usiweke modemu chini nyuma ya frigo. Iweke juu, katikati ya nyumba, mahali penye hewa. Modemu nyingi zina mawimbi ya namna mbili: yale ya 2,4 GHz yanafika mbali zaidi na kupita ukuta vizuri, yale ya 5 GHz yana mbio, lakini ukuta unayachosha upesi. Kama unaita kutoka chumba cha mbali, chagua ya kwanza.

Umeme wa SNEL ukikatika, modemu inakufa nao, hata kama telefone yako ina betri iliyojaa. Nyumba nyingine zinaweka betri ndogo ya modemu. Ni vizuri, lakini soma kwanza volti zilizoandikwa kwenye modemu na kwenye betri: lazima ziwe sawa. Usiunganishe nyaya uchi kwa mikono yako. Usiweke vifaa vingi kwenye prizi moja. Usichaji telefone chini ya mto au juu ya godoro, na betri iliyovimba usiitumie tena hata siku moja.

Majira ya mvua, ngurumo zinapokaribia, chomoa modemu kwenye prizi. Hapo pia hutakuwa na Wi-Fi. Tangu Mei 2025 serikali imeipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi katika nchi yetu, na wengine watasema satelaiti itamaliza taabu hizi. Lakini sahani ya juu ya paa nayo inataka umeme. Bila umeme, ni sahani tu.

5. SIKU YA HATARI

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Wi-Fi ni njia nzuri ya kusalimiana. Isiwe njia yako pekee ya kuomba msaada. Wahenga walisema: akiba haiozi. Basi weka akiba hizi nne:

– Weka uniti za kuita dakika chache kwa njia ya kawaida, na usiziguse kwa salamu.
– Andika kwenye karatasi namba ya dispansari, ya mtu mwenye gari na ya jirani mmoja. Ibandike ukutani. Telefone ikizimika, karatasi haizimiki.
– Fundisha mtoto mkubwa kuita, na kusema mahali mnapokaa.
– Patana na jirani mwenye laini ya kampuni nyingine. Mnara mmoja ukianguka, mwingine unaweza kuwa umesimama.

Ukimpata mganga na sauti inakatika, usianze na salamu ndefu. Sema kwanza mahali: komini, avenyu, namba ya nyumba, na kitu kinachojulikana karibu, kama shule au kanisa. Kisha sema mgonjwa ni nani, ana miaka mingapi, ana nini, tangu saa ngapi. Njia ikikatika baada ya hapo, mganga ameshajua pa kuja.

Na kuna hali ambazo hazingoji telefone ya namna yoyote. Mtoto anayestuka mwili, asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, anayelala bila kuamka vizuri, au anayepumua kwa taabu. Mama mwenye mimba anayetoka damu. Hao wapelekwe kwenye kituo cha afya au hospitali mara moja. Mtu mmoja ambebe mgonjwa, mwingine aendelee kuita njiani. Ruhusa ya bwana aliye Kolwezi isingojewe. Bwana mwenye akili ataitoa leo, wakati wote ni wazima: "Mtoto akiugua, usinitafute kwanza. Nenda. Utaniambia baadaye."

6. UKIWA KAZINI

Nawe uliye kazini, jua kwamba telefone inatoa mawimbi ya redio hata ikiwa mfukoni, inapotafuta mnara au Wi-Fi. Mahali pa baruti na vilipuzi vya umeme, fuata kanuni ya pale bila kubishana: telefone inabaki mahali ilipoagizwa. Usiongee wakati wa kuendesha mashine, wala kwenye barabara ya malori makubwa. Wape watu wa nyumbani namba ya ofisi ya zamu, ili habari nzito ikufikie kwa mkubwa wako hata kama telefone yako imefungwa sandukuni.

KAZI YA NYUMBANI

Leo jioni, kila mtu akiwa mzima, fanyeni jaribio hili. Zimeni modemu. Kisha mama, au mtoto mkubwa, ajaribu kuipata dispansari. Tazameni saa.

Je, namba imeonekana upesi? Uniti zipo? Mtoto ameweza kutaja komini, avenyu na namba ya nyumba?

Kama majibu yote matatu ni ndiyo, washeni modemu, mwiteni baba, msalimiane kwa furaha. Kama hata moja ni hapana, rekebisheni usiku huu huu. Homa haiulizi kama Wi-Fi imerudi.