BAISIKELI YA MKULIMA: KUITUNZA NA KUITENGENEZA NYUMBANI

Mkulima wa Utange hunoa jembe na panga lake kila mara, lakini baisikeli inayochukua mchicha, mihogo na nazi zake mpaka soko la Kongowea huiacha nje mvuani. Hilo si jambo jema. Baisikeli nayo ni chombo cha shamba. Mchicha uliokatwa jioni hauwezi kungoja. Baisikeli ikiharibika njiani alfajiri, jua litapanda, majani yatanyauka, na bei itashuka kabla mwenyewe hajafika. Jasho la wiki nyingi laweza kupotea kwa mwiba mmoja.

Huku Pwani baisikeli ina maadui wawili. Wa kwanza ni chumvi, ambayo huletwa na upepo wa bahari ikala chuma. Wa pili ni mchanga. Mchanga ukichanganyika na mafuta machafu husaga mnyororo kama msasa. Basi, ndugu mkulima, tenga nusu saa kila wiki ufanye kazi hizi.

1. Mnyororo
Pindua baisikeli, isimame kwa kiti na usukani. Sugua mnyororo kwa mswaki mkuukuu uliochovywa katika mafuta ya taa kidogo. Kazi hii ifanyike mbali na moto, na mafuta ya taa yasiguse tairi, kwa maana huozesha mpira. Futa kwa kitambaa, acha ukauke, kisha tia tone moja la mafuta safi ya mashine katika kila kiungo. Zungusha pedali, halafu futa mafuta yaliyozidi. Mafuta ya nazi yafaa nywele na mapishi; kwenye mnyororo hunata na kukusanya mchanga.

Bonyeza mnyororo katikati kwa kidole. Ukicheza kama nusu inchi, ni sawa. Ukilegea zaidi, fungua nati za gurudumu la nyuma, livute nyuma kidogo, hakikisha limekaa katikati, ukaze tena. Kisha tazama breki ya nyuma, kwa sababu gurudumu limehama.

Kujua kama mnyororo umechakaa, chukua rula. Viungo 24 vya mnyororo mpya, kutoka pini hata pini, ni inchi 12 kamili. Vikifika inchi 12 na sehemu moja ya nane, nunua mnyororo mwingine. Ukikawia, mnyororo mbovu utakula meno ya gia, nawe utanunua vyote viwili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

2. Breki
Mtu aliyepakia magunia mawili ya nazi huhitaji breki kuliko mtu mwenye gari tupu. Tazama mipira ya breki. Ikiwa imebaki myembamba, au chuma kinakaribia kugusa ringi, ibadilishe siku hiyo hiyo. Mipira yote miwili iguse ringi kwa pamoja, wala isiguse tairi. Usitie mafuta kwenye ringi kamwe.

Wakati wa masika kumbuka kwamba ringi za chuma zikilowa, breki hushika kwa shida sana. Anza kufunga breki mapema, na mteremko ukiwa mkali, shuka uisukume. Afadhali kuchelewa kuliko kuvunjika mguu.

3. Pancha
Tairi ya upepo ya baisikeli tuliipata kwa John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, ambaye aliisajili mwaka 1888. Raha ya upepo ilikuja pamoja na taabu ya pancha.

Kabla ya kutoa tairi, paka mate kwenye mdomo wa valvu. Mapovu yakitoka, huenda kosa ni ule mpira mwembamba wa ndani ya valvu tu, badilisha huo. Kama si hivyo, bandua tairi kwa mikono ya vijiko viwili. Usitumie bisibisi, itatoboa tyubu tena. Tia tyubu upepo, uipitishe katika beseni la maji. Penye mapovu ndipo penye tundu. Pakaushe, pasugue kwa msasa, paka solusheni, kisha ngoja kama dakika tano mpaka ikauke. Watu wengi hubandika kiraka solusheni ingali mbichi, ndiyo maana hutoka. Bandika, ukandamize kwa nguvu. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi utafute mwiba au msumari. Ukiuacha humo, pancha itarudi kesho.

4. Nati na mzigo
Kaza nati zote kila wiki. Ukitaka kufungua pedali, kumbuka kwamba ya kushoto hufunguliwa kinyume cha ya kulia. Funga mzigo chini na usawa pande zote mbili, kamba isining'inie karibu na spoki.

5. Kazi ya fundi
Ukiona ufa kwenye fremu au uma wa mbele, usiipande hata kama soko ni leo. Ipeleke kwa fundi. Vilevile gurudumu lililopinda sana, na gololi zinazolia, ni kazi yake.

Maswali ya kujipima
(a) Kwa nini tusitie mafuta ya nazi kwenye mnyororo?
(b) Viungo 24 vya mnyororo mpya ni inchi ngapi?
(c) Tutafute nini ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu?

Wasomee watoto maswali haya, kisha wape kitambaa na mafuta wafanye kazi yenyewe mbele yako. Mtoto anayejua kuziba pancha huokoa siku ya soko.