Gonga Kila Kibao Kabla ya Kutoa Pesa

Mtu akikuambia ana marimba ya kuuza, kabla ya bei muulize inapigwa na nini. Tanzania jina hilo hubeba ala mbili: ile ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, ambayo Hukwe Zawose aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia, na ile ya vibao vilivyopangwa vinavyogongwa kwa vijiti. Jibu la neno moja, vidole au vijiti, litakuokolea nauli.

Hapa nazungumzia za kugongwa, hasa za viwandani, zinazouzwa shule inapobadilisha vyombo au mwanamuziki anapohama nchi. Kwa kawaida utakutana na aina nne, mbili za chuma na mbili za mbao, na wauzaji wengi huziita zote jina moja. Beba sumaku ndogo. Vibao vikiwa vidogo, vimekaa ndani ya sanduku kama la begi na sumaku inanasa, hiyo ni glokenspili, yenye sauti ya kengele kali. Sumaku isiponasa, kukawa na pedeli chini na mabomba marefu chini ya vibao, hiyo ni vibrafoni. Vibao vyake ni vya aluminiamu. Ukiona sanduku la mbao lisilo na miguu, ambalo vibao vyake hung'oka kwa mkono, hizo ni ala za kufundishia watoto kwa mtindo wa Carl Orff. Ni nzuri kwa darasa, ila zisiuzwe kwa bei ya ala ya jukwaani.

Utata mkubwa uko kwenye za mbao, marimba na zailofoni. Kwa macho, marimba ni kubwa zaidi, vibao vyake vya chini ni vipana na vimechongwa upinde mrefu kwa chini hadi katikati vinabaki vyembamba. Vya zailofoni ni vinene na upinde wake ni mfupi. Lakini macho hudanganya, na kipimo ninachokiamini ni cha sikio. Chukua kibao cha do, upande wa chini au katikati ya ala. Weka ncha ya kidole katikati ya kibao bila kukandamiza, kisha gonga karibu na mwisho wake kwa kijiti kigumu. Kidole kitaizima noti kuu na kuiacha noti nyembamba iliyo juu yake isikike. Ukisikia do, oktava mbili juu, hiyo ni marimba. Ukisikia so, iliyo juu ya oktava moja, hiyo ni zailofoni. Mwanakwaya aliyekulia kwenye solfa hatahitaji mtu wa kumsaidia. Ukisikia noti isiyoeleweka, kibao hakikuchongwa kwa uangalifu huo, na bei iteremke.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya marimba iwe na sauti nzito ya kusindikiza waimbaji, na zailofoni iwe kavu ya kupenya katikati ya tarumbeta. Jua unataka ipi kabla hujatoka nyumbani.

Ukishaijua aina, kagua vibao, maana thamani ya ala iko humo. Gonga kimoja kimoja, kuanzia chini hadi juu, vyote, hata muuzaji akionyesha kuchoka. Unatafuta kibao kinachokufa mapema kuliko jirani zake, na kinachokwaruza. Mkwaruzo usikuogopeshe mara moja. Kitoe kibao hicho kwenye kamba, kishike kwa vidole viwili penye tundu la kamba, ukigonge tena hewani. Mkwaruzo ukitoweka, tatizo ni kamba, skrubu au kishikizo, na hilo ni kazi ya mchana mmoja. Ukibaki, kibao kina ufa, na mara nyingi ufa huanzia kwenye tundu hilo.

Tazama pia matundu yenyewe yako wapi. Kibao huachwa kitulie pale ambapo hakitikisiki kinapolia, na sehemu hiyo iko karibu asilimia 22 ya urefu kutoka kila mwisho. Kibao cha sentimita 40 kitobolewe karibu sentimita 9 kutoka ukingoni. Kikiwa na matundu mahali pengine, kilitobolewa na fundi asiyejua kazi na hakitalia vizuri.

Kisha pima noti kwa programu ya simu. Nusu toni moja ina senti 100. Vibao vyote vikiwa juu kwa senti 8 hivi, ala haina kasoro: ilitengenezwa kwa kipimo cha hezi 442 badala ya 440. Kasoro ni kibao kimoja kupanda na cha pili kushuka. Geuza vibao uangalie mikwaruzo mipya. Kupunguza mbao katikati kwa chini hushusha noti, kupunguza miisho huipandisha, na mtu aliyejaribu kurekebisha kwa tupa huacha alama.

Fremu, magurudumu na kamba visikukoseshe usingizi; fundi chuma wa mtaani atavimaliza. Hata bomba la mwangwi lililopotea linaweza kutengenezwa kwa bomba la plastiki la maji lililozibwa chini. La do ya katikati lina urefu wa takriban sentimita 32. Kibao cha mbao kilichopasuka ni habari nyingine. Ala nzuri hutumia mbao za rosewood kutoka Amerika ya Kati, na kuagiza kibao kimoja kutoka kiwandani ni gharama kubwa. Mninga mkavu ni mbadala wa kweli, na Zimbabwe marimba nyingi hutengenezwa kwa mti huohuo, ila kibao kimoja cha mninga katikati ya rosewood kitasikika.

Vibrafoni ina mtego wake. Ukiachia pedeli, sauti zote zikatike pamoja. Zikibaki chache, sufi ya kuzimia imeliwa. Mota huzungusha vifeni juu ya mabomba ili sauti itetemeke. Iliyotoka Marekani huenda ina mota ya volti 120, na ukiichomeka kwenye umeme wetu bila transfoma utaiunguza. Mota ikiwa imekufa, punguza bei na ununue bila hofu. Mpiga vibrafoni Gary Burton alipiga miaka mingi bila kuiwasha. Anayependa jazi ya Kiethiopia ya Mulatu Astatke atafute ala hii na si nyingine.

Amadinda, ala ya vibao vya mbao ya Uganda, usiipime kwa programu ya simu. Ina noti tano katika oktava, kwa mpangilio wake yenyewe. Pale unanunua vibao tu, kwa kuwa hulazwa juu ya vigogo vya mgomba.

Mkikubaliana, andika namba nyuma ya kila kibao kwa chaki, vifunge kwa shuka, uvisafirishe ndani ya gari, kamwe si juu ya keria. Ukivitoa bara kuvileta pwani, viache wiki kadhaa vizoee hewa ya unyevu kabla ya kumruhusu fundi yeyote aguse noti.